Mipini ya Mikono ya Watu

Siku zana zilipopandishwa kilimani, adhuhuri ilikuja mara mbili. Jua lilifika utosini, likashuka kidogo kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, likarudi utosini tena, na watu wa mji ule, waliokwisha kula chakula cha mchana, wakajikuta wana njaa upya. Hakuna aliyeuliza. Katika mji ule saa hazikuwa na adabu tangu hapo. Kulikuwa na wiki zenye Jumanne mbili, na kulikuwa na wazee waliosimulia harusi ambazo bado hazijafungwa, wakataja hata nani alikuja amevaa nini. Watu walikwisha kuyazoea hayo. Kilichowatoa majumbani siku ile ni sauti ya mbiu.

Mji wenyewe ulikuwa na mitaa mitatu. Mtaa wa Mbao ulikuwa wa maseremala, Mtaa wa Moto wa masonara, na Mtaa wa Nyuzi wa wafumaji. Mitaa hiyo ilikutana kwenye kiwanja kidogo cha mchanga, na pembeni mwa kiwanja, katika kibanda kisichohesabiwa kuwa cha mtaa wowote, alifanya kazi Kazija, mwanamke wa miaka hamsini, au arobaini, ikitegemea siku yenyewe. Kazija hakufua chuma, hakuchonga mlango, hakuwahi kutupa uzi. Alichojua yeye ni mpini. Mpini wa tezo, shoka dogo la kuchongea la seremala, mpini wa nyundo ya sonara, mshikio wa ule ubao mzito ambao mfumaji hushindilia nao uzi ukae. Alichagua mti, mara nyingi mpera, akauchonga kwa kisu, akaupiga tupa, kisha akaumalizia kwa kigae cha chupa, akikwangua taratibu mpaka mti ukawa laini kama shavu.

Aliamini jambo moja tu maishani mwake, na hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Aliamini kwamba mpini hautengenezwi na mtu mmoja. Yeye alitengeneza nusu. Nusu ya pili ilitengenezwa na mkono wa mwenye kazi, bila mwenyewe kujua, kwa jasho na kwa miaka. Mwaka wa tatu kidole gumba huwa kimejichimbia kishimo chake. Mwaka wa kumi vidole vinne vimejilaza kila kimoja mahali pake, na mtu mwingine akiushika mpini huo mkono wake unaukataa, kama mguu unavyokataa kiatu cha jirani. Sasa ujuzi uko wapi? Uko mkononi, au uko kwenye kile kishimo? Kazija alijiuliza hivyo kila alipokuwa akikwangua, na kila mara jibu lilimponyoka karibu na mwisho wa kazi, naye akaanza mpini mwingine ili alifuate.

Mumewe, Msellem, alikuwa seremala wa milango. Walikuwa wamekaa pamoja miaka mingi hata wakawa wanagombana bila kusema neno: huyu aliweka kikombe kwa kishindo, yule akajibu kwa kufunga dirisha. Nao walipatana vivyo hivyo. Siku ya mbiu walisimama pamoja kiwanjani, bega kwa bega, wakimsikiliza karani aliyeshuka kutoka kilimani, alikokaa mtawala wa mji, mtu mwenye kanzu ya kijivu na sauti isiyopanda wala kushuka.

"Kwa amri ya Mkubwa," alisema karani. "Mkubwa ametazama akaona ujuzi umetawanyika mno. Uko kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule, na mtu akifa anaondoka na kipande chake. Kuanzia leo utawekwa mahali pamoja. Kila mwenye zana aipandishe mwenyewe. Mkubwa atajenga nyumba itakayotutosha sote, na ataijenga kwa mkono wake."

"Na sisi tutafanya nini?" Msellem aliuliza.

"Mtapumzika."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Karani alikuwa amekwisha kukunja karatasi yake.

Hapakuwa na askari hata mmoja. Jambo hilo ndilo lililomsumbua Kazija baadaye kuliko yote: kwamba hapakuwa na upanga, hapakuwa na kamba, na bado watu walipanga mstari. Labda ni lile neno la kupumzika lililoingia mahali ambapo kila mmoja alikuwa na uchovu asiouonyesha. Labda kila mmoja alimtazama wa mbele yake akaona anakwenda. Walipanda na vikapu vichwani, matezo na maranda, patasi na keekee na misumeno, nyundo ndogo za masonara na koleo na fuawe za kufulia, mbao za wafumaji zikiwa zimefungwa pamoja kama kuni. Msellem alilibeba tezo lake mkononi, hakulitia kikapuni. Aliporudi aliweka kikombe mezani bila kishindo chochote.

Karani alifika hata kibandani kwa Kazija. Alichukua kisu, akachukua tupa.

"Na hicho?" aliuliza.

"Kigae cha chupa, bwana."

"Takataka," alisema karani. "Baki nacho."

Wiki ya kwanza watu walipumzika kweli. Walilala mchana, walitembeleana, wakasema mbona tulichelewa. Wiki ya pili maneno yalianza kuwapotea. Hashili, sonara mzee wa Mtaa wa Moto, mtu asiyekuwa na mke wala mtoto na ambaye alizoea kuimba siku nzima akifua, alikuja kwa Kazija kuomba "kile chekundu." Kumbe alitaka kaa la moto. Mwana Esha, mfumaji, alikuwa bado anapitisha uzi hewani kwa vidole vyake, kushoto kulia, kushoto kulia, hata akiwa anakula. Kisha asubuhi moja vidole vikatulia, na Mwana Esha akaviangalia kama wageni walioingia mapajani mwake bila kubisha hodi. Mitaa ikasahau ni ya nani. Watu walianza kuingia nyumba zisizo zao na kupokelewa vizuri, kwa sababu waliowapokea nao hawakuwa na uhakika.

Kazija peke yake hakusahau. Alijua sababu, na sababu ilikuwa kile kigae ambacho karani alikidharau. Kila siku aliokota kijiti, akakikwangua, na akikwangua alijikumbuka.

Lakini kukumbuka peke yako katika nyumba ya watu wawili ni kazi ngumu. Msellem alisimama mbele ya mlango wao, mlango aliouchonga mwenyewe mwaka waliooana, akashindwa kujua upande upi unafunguka.

"Sukuma, mume wangu."

"Nisukume nini?"

Siku iliyofuata alimwita dada. Siku nyingine alimwita mama. Halafu siku moja alibisha hodi kwa heshima, akasimama kizingitini, akasema, "Samahani, mama. Natafuta nyumba ya fundi mmoja. Nimeambiwa ni hapa."

"Fundi gani?"

"Jina silijui," alisema Msellem. "Wananiambia tunafanana."

Kazija alimkaribisha, akampa chakula, akamtandikia. Kisha akatoka uani akalia, mkono mdomoni, ili mgeni asisikie.

Karani alirudi siku ya tatu baada ya hapo. "Unaitwa juu," alimwambia Kazija. "Mipini yako ina kasoro. Uje na kile kigae."

Njia ya kilimani ilikuwa fupi wakati wa kupanda. Kazija aliinua mguu mara chache tu akajikuta ndani ya ukumbi mrefu usiokuwa na dari, ambamo jua lilikuwa limesimama pale pale juu, halisogei, kama lililoajiriwa. Kuta zote zilikuwa zimetundikwa zana. Matezo kwa matezo, nyundo kwa nyundo, mamia kwa mamia, zikiwa zimepangwa kwa urefu. Harufu ya ukumbi ilikuwa harufu ya viganja vya watu. Kazija aliisikia ikamjia usoni, akashindwa kupiga hatua, maana alimtambua kila mmoja: yule aliyeshika kwa nguvu kupita kiasi, yule aliyekuwa na kidole kilichopinda, yule marehemu aliyefundishwa na marehemu.

Sakafu ilikuwa imejaa magogo yaliyochunwachunwa na vipande vya mbao vilivyopasuka. Katikati yao alisimama mtu mwembamba, viganja vimefungwa vitambaa, macho yana usingizi wa muda mrefu. Huyo ndiye Mkubwa.

"Karibu, Bi Kazija," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Ningekuambia ukae, lakini hakuna kiti. Niliapa nisikalie kitu ambacho sikukitengeneza mwenyewe. Nimesimama tangu zana zilipofika."

"Pole, Mkubwa."

"Nina kila kitu hapa. Ujuzi wote wa mji uko katika kuta hizi nne. Nikishika randa linaruka. Nikishika patasi inanila. Nyundo inapiga inapotaka." Alifungua kitambaa kimoja, akamwonyesha malengelenge. "Nimechunguza nikaona kosa liko wapi. Mipini imejaa mikono ya watu. Kila nikiishika naona kama kuna mtu ameshika kabla yangu, na hataki kuachia."

"Ndivyo ilivyo, Mkubwa."

"Basi waondoe. Kwangua yote mpaka iwe mitupu. Nataka ujuzi, watu siwataki."

Kazija alitazama kuta. "Na wao huko chini? Kidogo kilichowabakia kimeshikwa na vishimo hivi."

"Hao wamepumzika," Mkubwa alisema. Kisha akasogea karibu, akaongeza kwa sauti ya chini kama anayempa jirani siri. "Najua habari za mumeo. Kwangua mingine yote, na tezo lake sitaligusa. Utarudi nalo mkononi. Atakujua."

Mtu akipewa sharti kama hilo hadithini hujibu mara moja. Kazija hakujibu mara moja. Alimwona Msellem kizingitini, akiomba samahani. Alifikiri: mji ni watu wengi, na mimi nina mmoja. Alifikiri: wamekwisha kusahau hata hivyo. Na alipokuwa bado anafikiri, mkono wake ulikuwa umekwisha kunyanyuka ukutani ukatundua nyundo ndogo ya sonara. Alijiambia hajui ni ya nani. Alijua. Ilikuwa ya Hashili. Aliichagua kwa kuwa Hashili alikuwa mzee, hana mke, hana mtoto, na hakuna ambaye angekuja kubisha hodi kwake kuuliza.

Akakaa sakafuni, akaanza.

Kigae kinakwenda. Unyoya wa mti unajikunja, unaanguka. Ni mti tu. Mti hauna jina. Hapa ndipo kidole gumba kilipokuwa. Miaka arobaini ya kidole gumba. Si kitu, ni kishimo, na kishimo si kitu, ni mahali ambapo kitu hakipo. Pete ya harusi yangu ilifuliwa na kishimo hiki. Kwangua. Alinipimia kwa uzi, akacheka, akasema kidole chako chembamba, Kazija, utaidondosha. Kwangua. Sikuidondosha. Ni mti tu. Mume wangu ananiita mama. Ni mti.

Dirisha la ukumbi lilitazama mjini, na kutoka pale kiwanja kilionekana wazi kama kiganja. Hashili alikuwa amekaa mchangani. Alikuwa amepoteza maneno yote ya nyimbo zake, lakini mlio wa nyimbo zenyewe ulikuwa bado umembakia, na siku zote hizo alikuwa akizunguka mjini akivuma kama nyuki. Kazija alimsikia hata kule juu. Alimsikia alipoanza kukwangua na alimsikia alipofika katikati. Alipopitisha kigae mara ya mwisho, na mpini ukang'aa mtupu mwanzo hadi mwisho, mvumo ule ukakatika.

Hashili hakuanguka. Alisimama tu, akatazama kushoto, akatazama kulia, akakaa tena chini, mikono imemlalia magotini viganja juu. Akabaki hivyo.

Kazija aliiweka nyundo sakafuni.

"Vizuri," alisema Mkubwa, akiupitisha mpini shavuni. "Laini kabisa. Endelea."

"Siendelei."

"Umesemaje?"

"Nimefanya mmoja. Sikupaswa kufanya hata huo mmoja, na sijui nitamwambia nini Mwenyezi Mungu. Lakini wa pili sifanyi."

"Na mumeo?"

"Mume wangu," Kazija alisema, "mume wangu akinijua kwa njia hii, atamjua nani? Mwanamke gani huyo atakayemjua?"

Mkubwa hakuwa mtu wa hasira, na hasira ilipomjia hakujua pa kuiweka. "Nipe mkono wako uone," alisema, kisha akatambua amekosea maneno. "Nipe… utazame mkono wangu. Upime. Nitengenezee basi mpini wangu mimi."

Alifungua vitambaa vyote viwili. Kazija alikishika kiganja kile akakigeuza kwenye mwanga. Ukiacha malengelenge, hakikuwa na kitu. Hakikuwa na kovu wala sugu. Hata ile mistari ambayo mtoto mchanga huzaliwa nayo ilikuwa imefifia. Kazija alimwonea huruma, na huruma ile ilimshangaza mwenyewe.

"Naweza kukutengenezea nusu," alisema. "Nusu nyingine ni yako. Uchukue gogo moja, zana moja, ukae na mtu akuonyeshe. Miaka kumi hivi, mkono utakuwa umeanza."

"Miaka kumi!" alisema Mkubwa. "Nina mikono elfu ukutani, halafu nianze na wangu?"

Akamwachia, akaenda ukutani kwa hatua ndefu, akatundua tezo. Lilikuwa la Msellem. Akakanyaga gogo kama alivyowahi kuona mafundi wakikanyaga, akaliinua tezo juu ya kichwa, jambo ambalo hakuna seremala anayelifanya, akalishusha kwa nguvu zote za mtu aliyesimama miezi. Tezo liliteleza juu ya gogo likaingia ugokoni.

Alianguka. Damu ilikuwa nyingi, nyekundu mno katika ukumbi ule mweupe. Karani alikuja mbio na watumishi wanne, wakamzunguka, wakasimama. Mmoja alikuwa na kitambaa mkononi lakini hakujua kukifunga. Alikizungusha mguuni, kikafunguka, akakizungusha tena. Fundo lilikuwa kitu cha Mtaa wa Nyuzi, na Mtaa wa Nyuzi ulikuwa umetundikwa ukutani. Watu wazima watano walimtazama bwana wao akitoka damu, wakapeana kitambaa kama chungu cha moto.

Kazija aliwasukuma. Akachana upindo wa kanga yake, akaufunga mguu juu ya jeraha, akakaza, akafunga tena chini. Alifanya haraka na bila kusema. Damu ikapungua, ikakoma.

"Nitakufa?" Mkubwa aliuliza. Alikuwa amekaa sakafuni, mara yake ya kwanza kukaa, na uso wake ulikuwa wa kijana.

"Hufi. Lakini mguu huo hutaukanyagia miezi mingi, na pengine hautarudi kama zamani."

"Nitatembeaje?"

"Kwa gongo."

"Basi nitengenezee gongo."

"Mimi ni mtu wa mipini, Mkubwa. Gongo ni kazi ya seremala. Lazima lipimwe na kwapa, liwe na kichwa, likubebe lisivunjike."

"Kuna seremala gani?"

"Nina mmoja nyumbani. Hajui jina lake. Tezo lake ndilo hilo lenye damu yako."

Mkubwa alifumba macho. "Mpelekee."

"Nikimpelekea tezo peke yake atachonga nini bila msumeno wa kukatia? Atatoboaje bila keekee? Na kichwa cha gongo kisipovikwa kitambaa kinene kitakula kwapa lako. Hicho ni cha Mwana Esha na mbao zake. Na chini panataka pete ya shaba, la sivyo mti utachakaa kwa siku chache katika sakafu hii ya mawe." Alipofika kwenye pete alikumbuka kuwa pete za mji zilikuwa kazi ya Hashili peke yake, lakini alimalizia. "Na zana zao nani atazinoa, nani atazikaza? Kila mmoja humtegemea mwingine. Sijui nikuchukulie ipi nikuachie ipi."

Hakuwa anamdanganya. Alikuwa anahesabu kwa sauti, na kadiri alivyohesabu ndivyo alivyoona mwenyewe, kama mara ya kwanza, jinsi mji ulivyokuwa umefungwa pamoja.

"Chukueni," alisema Mkubwa. Karani alitaka kusema neno. "Nimesema chukueni! Shusheni zote. Nileteeni gongo."

Njia ya kushuka ilikuwa ndefu. Ilichukua alasiri nzima, na jua, ambalo Kazija alidhani limesahau kazi yake, lilishuka pamoja nao hatua kwa hatua. Watumishi walizimwaga zana kiwanjani. Watu walikuja polepole kutoka katika nyumba za watu wengine, wakazitazama bila kuelewa. Hapakuwa na jina lililoandikwa popote. Kazija aliwaambia, "Shikeni tu. Shika, weka. Shika, weka. Utajua."

Mwana Esha ndiye aliyeanza. Aliinua ubao mmoja, akauweka, akainua wa pili, akauweka, akainua wa tano, na vidole vyake vikaingia mahali pao. Alitoa sauti ndogo kama mtu aliyekanyaga maji baridi. "Nyuzi zangu," alisema. "Niliziacha zimetandwa! Jamani, zitakuwa zimeliwa na panya!" Akaondoka mbio, mtu mzima yule, ubao kifuani.

Msellem alikuwa nyuma ya watu, amesimama kwa adabu ya mgeni. Kazija alimpelekea tezo yeye mwenyewe. Alikuwa amelifuta damu, lakini alipolinyoosha hakuweza kumtazama usoni. Alitazama mkono tu. Aliona vidole vikifunga. Aliona kidole gumba kikitambaa juu ya mti, kikatafuta, kikaingia.

Alingoja. Msellem alilipima tezo uzito, akalitikisa karibu na sikio.

"Mpini huu umelegea," alisema. "Nani kalichezea tezo langu?" Kisha akainua macho. "Kazija. Mbona umekonda hivyo, mke wangu?"

Alimjibu kwa kumpiga ngumi ya kifua, si ya nguvu, kisha akaliegemeza paji lake la uso pale pale alipopiga. Watu waliwapita pande zote mbili, wakiokota, wakiweka, wakipiga mayowe.

Gongo lilitengenezwa kesho yake. Msellem alipoelezwa ni la nani alifikiri, akasema mguu ni mguu, akalichonga vizuri. Mwana Esha alilivika kichwa. Liliondoka mjini bila pete, na tangu siku ile watu wa chini waliweza kumsikia Mkubwa akitembea huko juu, mti mtupu juu ya jiwe, na kila alipotembea walijua aliko. Watu wengine walisema hilo peke yake lilitosha kuwa serikali nzuri.

Nyundo moja ilibaki kiwanjani. Watu wote waliishika wakaiweka, na Hashili naye aliishika akaiweka, kama alivyoshika nyingine zote.

Kazija aliichukua kwake. Siku ya pili alikwenda Mtaa wa Moto, akamkuta mzee ameketi mbele ya fuawe kama mtu aliyeketi mbele ya jiwe. Akakaa mkabala naye. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na sasa aliyasema yote, bila kujificha: kwamba alimchagua kwa sababu ya upweke wake, kwamba alijua nyundo ni yake, kwamba alimsikia akivuma na bado akaendelea mpaka mwisho.

"Ni mimi niliyekukwangua, Fundi Hashili. Nakuomba radhi."

Mzee alimsikiliza kwa makini. Alionekana kutaka kumsaidia. "Ulikwangua nini, mwanangu?" aliuliza.

Hapo Kazija akaelewa jambo ambalo hakuwahi kulifikiria katika miaka yake yote ya mipini. Aliyedhulumiwa hakuwapo tena. Mtu pekee aliyekuwa na haki ya kumsamehe alikuwa ameondoka pamoja na ile dhuluma, na huyu aliyekaa mbele yake, mwenye uso ule ule na ndevu zile zile, alikuwa mtu mpya asiyekuwa na kisa naye. Angeweza kusimama akaenda zake. Hakuna ambaye angejua. Msellem alikuwa nyumbani, kikombe kilikuwa kimeanza kupigwa mezani tena.

Hakusimama. Hakujua usonara, lakini alikuwa ameketi karibu na Mtaa wa Moto miaka mingi na alikuwa ameona. Aliweka kipande cha shaba juu ya fuawe. Akaifungia nyundo katika kiganja cha mzee, kidole kimoja kimoja.

"Piga," alisema.

Hashili alipiga. Nyundo ilikwenda upande, ikagonga fuawe, ikalia vibaya. Akapiga tena, ikampata kidole. Alikitia mdomoni, akamtazama Kazija kwa macho yaliyojaa mshangao.

"Inauma."

"Ndiyo. Inauma mwanzoni. Piga."

Walikaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba ya pili kikawafikia. Shaba ilikuwa imepata alama saba au nane, hakuna hata moja iliyofanana na nyingine. Siku iliyofuata Kazija alirudi, na iliyofuata, na Jumanne zote mbili za wiki ile. Siku ya kumi na tano Hashili alisimamisha mkono hewani katikati ya kupiga. Alikuwa anautazama mpini. Kidole chake gumba kilikuwa kinasogea juu ya mti ule mlaini, mbele, nyuma, kikitafuta pa kukaa.

"Hii nyundo," aliuliza, "ni yangu?"

Kazija alitaka sana kusema ndiyo.

"Bado," alisema.

Mzee alitikisa kichwa, akakubali, akaishusha nyundo juu ya shaba.